Kuyapima Maji ya Mto Nairobi: Somo kwa Wanafunzi wa Mowlem na Kwingineko

Watu wakaao Mowlem, pamoja na jirani zao wa Dandora, Kariobangi South na Umoja, huuona Mto Nairobi mara nyingi, lakini ni wachache wawezao kusema mna nini ndani yake. Kusema ya kuwa maji ni machafu si kazi, pua yatosha. Lililo gumu ni kusema uchafu huo ni wa namna gani, ni kiasi gani, na umeingilia wapi. Maswali hayo matatu hayajibiwi ila kwa kupima, na kupima huko kwaweza kufanywa na wanafunzi wa sekondari, hata na wale wa madarasa ya juu ya shule za msingi, mradi wafundishwe vema na kusimamiwe na mwalimu wao.

Jambo hili si geni. Mwaka 1994 ulitangazwa huko Marekani mpango uitwao GLOBE, na tangu 1995 wanafunzi wa nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo, wamekuwa wakipima joto la maji, ung'avu wake na hewa iliyomo, kisha kupeleka hesabu zao kwa wataalamu. Afrika Kusini nako wanafunzi hutumia njia iitwayo miniSASS, ambayo haihitaji dawa hata moja, nasi tutaieleza hapo mbele.

Jina la Nairobi latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi. Mto wenyewe huanzia katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, hupita katikati ya jiji, hupokea maji ya Mathare na ya Ngong, kisha huingia katika Mto Athi, ambao nao huko chini huitwa Galana na halafu Sabaki, mpaka kufika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Basi kinachomwagwa mtoni Eastlands hakipotei. Chaenda kwa watu wengine. Na wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Kandokando ya mto huu, katika sehemu hizi za mashariki, watu hulima sukuma wiki, spinachi na nduma, na kumwagilia kwa maji hayo hayo. Mboga hizo huuzwa sokoni, na mwenye kuzila huenda hajapata kuukaribia mto hata siku moja.

Tena karibu na Mowlem pana jaa kuu la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975 kando ya mto. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, lakini taka ziliendelea kumwagwa hapo kwa miaka mingi baadaye. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu Gigiri, lilitoa taarifa juu ya watoto 328 wakaao karibu na jaa hilo waliochunguzwa afya zao. Nusu yao walionekana kuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kilichokubaliwa wakati huo. Risasi huchelewesha akili za watoto, nayo haina harufu wala rangi majini. Twalitaja jambo hili mapema ili mwanafunzi ajue tangu mwanzo ya kwamba liko jambo moja kubwa ambalo vyombo vya shule havitaweza kumwonyesha.

JINSI YA KUTEKA MAJI

Kwanza usalama. Mwanafunzi asiingie mtoni. Huku chini maji huweza kuwa na vijidudu vya homa ya matumbo na vya kuhara, na matopeni hujificha vioo, misumari, hata sindano za hospitali. Maji na yatekwe kutoka juu ya daraja, kwa ndoo ndogo iliyofungwa kamba, mwalimu akiwapo. Anayeteka avae glavu za mpira na viatu vinavyofunika mguu mzima. Mvua kubwa ikinyesha, kazi iahirishwe; mto huu hujaa kwa ghafula. Wakirejea shuleni wote wanawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Ndoo isuuzwe kwa maji ya mto mara tatu kabla ya kuteka yale ya kupimwa. Watu wengi huona jambo hili kuwa dogo, lakini sabuni kidogo iliyobaki katika ndoo yaweza kuharibu kazi ya siku nzima. Daftari liandikwe pale pale: mahali, tarehe, saa, hali ya hewa, na kama mvua ilinyesha katika siku mbili zilizopita. Kipimo kisichokuwa na saa wala mahali hakina faida kwa mtu yeyote.

VIPIMO VYENYEWE

Joto hupimwa kwanza, kwa maana hubadilika upesi. Kipimajoto kitiwe katika ndoo mara tu inapotoka mtoni, kisomwe kingali majini. Baada ya joto hufuata ung'avu. Kwa kazi hii hutumika bomba refu la plastiki linalopitisha nuru, lenye alama nyeusi na nyeupe chini yake. Maji humiminwa polepole mpaka alama isionekane tena kwa mwenye kutazama kutoka juu, ndipo urefu wa maji husomwa kwa sentimeta. Bomba la namna hii laweza kutengenezwa shuleni kwa gharama ndogo. Kipimo cha pH, kinachoonyesha uchachu au ugadi wa maji, husomwa kwa karatasi zinazogeuka rangi. Kwa maji yanayokusudiwa matumizi ya nyumbani, kanuni za Kenya za mwaka 2006 zilitaka kipimo kiwe kati ya 6.5 na 8.5. Kikitoka nje ya hapo, yafaa kuuliza ni karakana gani iliyo juu ya mto.

Kipimo kilicho kikuu kuliko hivyo vyote ni cha hewa ya oksijeni iliyoyeyuka majini. Samaki na wadudu wa mtoni huvuta hewa hiyo. Uchafu wa vyoo unapoingia mtoni, vijidudu visivyoonekana kwa macho huanza kuula, na katika kula huimaliza hewa; ndiyo maana mto wenye maji taka mengi hugeuka mweusi na kunuka kama mayai yaliyooza. Njia ya kupima hewa hii ilibuniwa na Lajos Winkler wa Hungaria mwaka 1888, na hata leo dawa za kupimia zinazouzwa kwa ajili ya shule nyingi zafuata njia yake.

Hapa lazima mwalimu awe mwangalifu. Vitabu vingi husema ya kwamba maji safi yenye joto la digrii 20 hubeba karibu miligramu 9 za oksijeni katika kila lita. Hesabu hiyo ni kweli Mombasa, kwenye usawa wa bahari. Mowlem iko juu karibu meta 1,600, ambako hewa ni nyepesi, na maji safi kabisa ya joto lile lile hayabebi zaidi ya miligramu 7 na nusu hivi. Mwanafunzi asiyejua hili atauhukumu mto kwa kosa lisilo lake. Chini ya miligramu 5 samaki wengi hutaabika. Chini ya 2 ni wachache sana wawezao kuishi.

Shule isiyo na fedha za kununua dawa hizo isikate tamaa. Iko dawa ya rangi ya buluu, methilini buluu, ambayo hutumika katika masomo ya biolojia. Chukua chupa mbili za ukubwa mmoja, moja ijazwe maji ya mto na nyingine maji ya bomba. Tia matone machache yaliyo sawa kwa hesabu katika kila moja, mpaka maji yawe buluu hafifu. Funga vizuri pasibaki povu la hewa, kisha ziweke kabatini gizani. Hewa ikiisha ndani ya chupa, rangi ya buluu hutoweka. Maji yenye uchafu mwingi wa vyoo huipoteza rangi kwa muda wa saa chache; maji mazuri huweza kuitunza siku 5 na zaidi. Wanafunzi hupenda kipimo hiki kuliko vingine vyote, nasi hatuwalaumu, maana jibu huonekana wazi hata kwa mtoto.

Muda wa siku 5 si wa kubahatisha. Wapimaji wa maji duniani hutunza chupa gizani siku 5 katika joto la digrii 20, kisha huangalia ni oksijeni kiasi gani iliyoliwa. Desturi hiyo ilitiwa nguvu na tume ya serikali ya Uingereza iliyotoa taarifa yake mwaka 1912. Katika kanuni za Kenya za 2006, maji yanayotolewa na kiwanda au mtambo wa maji taka kuingia mtoni hayakuruhusiwa kula zaidi ya miligramu 30 kwa lita katika siku hizo 5.

WADUDU WA MTONI

Sasa tuieleze ile njia ya Afrika Kusini. Wanafunzi hupindua mawe na kuchota kwa wavu, kisha hutazama ni wadudu gani walionaswa. Kila jamii ya wadudu ina alama zake kwa kadiri ya uvumilivu wake. Yuko mdudu mmoja wa chini ya mawe, mwenye mikia miwili, asiyestahimili uchafu hata kidogo. Huyu hupewa alama 17. Kaa hupewa 6, konokono 4, na minyoo, ruba na mabuu ya mainzi hupewa 2 tu. Alama hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya jamii zilizoonekana. Faida yake ni kwamba mdudu amekaa mtoni majuma mengi, hivyo hutoa ushahidi hata juu ya uchafu uliomwagwa usiku na kupita. Lakini njia hii yahitaji mtu aingie majini, kwa hiyo ifanywe kwenye vijito safi vya huko juu. Karibu na Dandora isijaribiwe.

KUSOMA VIPIMO

Hapa ndipo wengi hukosea. Kipimo kimoja, cha mahali pamoja, cha siku moja, hakisemi neno. Tuseme wanafunzi wamepata oksijeni miligramu 2 chini ya mfereji fulani. Je, mfereji ndio wenye hatia? Hawawezi kujua mpaka wapime na juu yake. Wakipata 5 juu na 2 chini, wana jambo la kusema. Wakipata 2 juu na 2 chini, mkosaji yuko mbali zaidi, na mwenye mfereji huenda akawa amesingiziwa. Tena maji ya mfereji hung'ang'ania ukingo mmoja kwa mwendo fulani kabla ya kuchanganyika na mto, kwa hiyo maji ya chini yatekwe mahali ambapo mto umekwisha kuchanganyika, na yatekwe katikati.

Saa nayo ina mambo yake. Mimea ya majini hutoa oksijeni jua likiwaka, na kabla ya mapambazuko hewa huwa imepungua. Anayepima juu saa tatu asubuhi na chini saa nane mchana amelinganisha saa, hakulinganisha mahali.

Na hata asili ya mto ina funzo lake. Darasa likisafiri hadi Ondiri kutafuta maji safi ya kulinganisha, lisishangae likikuta oksijeni kidogo na rangi ya kahawia. Kinamasi ndivyo kilivyo. Majani yaozayo hula hewa pasipo choo cha mtu yeyote kuingia. Yafaa kupima pia mahali mto unapoanza kutiririka juu ya mawe.

Juu ya vijidudu vya kinyesi, kanuni hizo za 2006 zilisema maji yatakayotumiwa nyumbani yasiwe na hata kimoja cha aina ya E. koli katika mililita 100. Kwa sheria hiyo karibu kila mto hushindwa, basi jibu la kushinda au kushindwa halifundishi kitu. Hesabu ndiyo ifundishayo. Viko vibati vidogo vyenye chakula cha vijidudu ambavyo hupandwa tone la maji na kutunzwa katika joto la mwili wa mtu. Mtaalamu Robert Metcalf wa Marekani alivitumia pamoja na wanavijiji wa Nyakach, karibu na Ziwa Viktoria, akaonyesha ya kuwa watu wasio na maabara wanaweza kuvisoma wenyewe. Shuleni, vibati vikishapandwa visifunguliwe tena, na baada ya kuhesabiwa vitiwe jiki kabla ya kutupwa.

Mwezi wa Machi 2025 Serikali ilizindua kazi kubwa ya kuurudishia Mto Nairobi uzima wake. Kazi kama hiyo hutangazwa kwa mamilioni ya shilingi na kwa kilometa za mabomba. Mto wenyewe hujibu kwa miligramu. Shule yenye daftari la kila mwezi, la mahali pale pale na saa ile ile, tangu kabla ya mabomba kulazwa hata baada yake, itakuwa na ushahidi ambao mgeni wa siku moja hawezi kuupata. Hesabu isiyopendeza isifutwe daftarini. Ikatwe mstari mmoja tu kama kweli kuna sababu, na sababu iandikwe kando yake.

Daftari likiwa na kurasa za kutosha, nakala ipelekwe kwa afisa wa NEMA na kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, pamoja na ramani ndogo yenye alama za mahali palipopimwa. Barua na iseme yaliyoonekana tu, bila kumtaja mtu kwa dhana. Kuhusu risasi na madini mengine ya namna hiyo, waombwe wapimaji wenye maabara wachukue maji hayo wenyewe, kwa chupa zao na kwa dawa zao. Shirika la Afya Ulimwenguni laruhusu miligramu 0.01 tu za risasi katika lita moja ya maji ya kunywa, na kiasi kidogo kama hicho hakiwezi kuaminiwa kikitoka katika chupa iliyookotwa jikoni.