Noma na Uso Wangu

Noma si neno la mitaani tu, ni ugonjwa. Huanza na kidonda cha ufizi, kisha kwa siku chache hula shavu hata mfupa. Huwapata hasa watoto wa miaka 2 hadi 6 wenye utapiamlo, mara nyingi baada ya surua. Hauambukizi, nao ukiwahiwa hutibika kwa dawa za kuua vijidudu. Mwezi wa Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani liliutia katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa.

Mimi uliniachia kovu shavuni. Sokoni Bagamoyo nilisikia likiitwa laana, na hapa bwenini nilikula nikiukinga mdomo kwa kiganja. Kisha nikasoma habari za Bibi Mulikat Okanlawon wa Nigeria, aliyeugua noma utotoni, akaja kufanya kazi katika hospitali ya noma ya Sokoto. Yeye hauufichi uso wake.

Basi nimeondoa mkono. Nikiulizwa, nalitaja jina la ugonjwa. Wengi huuliza mara moja tu.

Wazazi, mtoto mwenye kidonda cha ufizi apelekwe zahanati siku ile ile. Nanyi wenzangu, ulizeni, msigeuze macho.