Waliosimama Sokoni Bila Kazi



Kila mwaka, mahafali ya vyuo yakiisha kupita, Mitwero na vijiji vingine vya pwani ya Lindi hupokea tena watoto wao. Waliondoka wanafunzi, wamerudi na shahada, na nyumba nzima hufurahi. Kisha hupita mwezi wa kwanza, na wa sita, na mwaka wa pili. Barua ya kazi haiji. Deni la mkopo wa masomo lamngoja kijana, wadogo zake wamtazama, na mzazi aliyeuza ufuta ili alipe ada hasemi neno. Kimya chake chauma kuliko karipio. Wengine huacha hata kuja kanisani, kwa haya ya kuulizwa baada ya Misa, “Siku hizi uko wapi?”

Juma hili twapenda kusema na vijana hao, na wale wanaoishi nao.

Kukosa kazi si aibu

Mtakatifu Mathayo, katika sura ya 20, atueleza mfano wa mwenye shamba la mizabibu. Alitoka saa kumi na moja, ambayo kwa hesabu yetu pia ni jioni, akawakuta watu wamesimama sokoni. Akawauliza sababu. Wakajibu kwamba hapana mtu aliyewaajiri. Tazameni basi: hakuwaita wavivu, wala hakuwauliza walikuwa wapi asubuhi. Aliyapokea maneno yao kuwa kweli, akawapeleka shambani. Ikiwa Bwana hakuwakaripia, sisi ni nani tuwakaripie?

Lakini tuone na jambo la pili. Watu wale walikuwa wangali sokoni. Jua lilikuwa likishuka, nao hawakwenda kulala. Tena walipoitwa walikwenda, ingawa hawakutajiwa kiasi cha mshahara.

Kungoja makubwa

Sisi watu wa Kusini twajua kungoja. Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa mahali pake huku kwetu. Mashine zikaletwa, reli ikajengwa, watu wakafuata mishahara. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa.

Leo tumaini letu ni gesi. Ile ya Songosongo, Kilwa, yatumika tangu 2004. Kwa kiwanda kikubwa cha kusindika gesi kinachokusudiwa Likong’o, makubaliano ya awali yalitiwa sahihi Juni 2022. Hatusemi kwamba hakitajengwa. Twaomba kijengwe, na vijana wetu wapate kazi humo. Twasema tu kwamba maisha ya mtu hayawekwi ghalani kama ufuta, yakingoja siku ya mnada.

Kusudi huonekana nyuma

Kijana atauliza: “Nitalijuaje kusudi la Mungu kwangu, ikiwa hata mlango mmoja haujafunguka?” Tumtazame mtu wa Kusini, marehemu Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938. Alisoma Ndanda, akapita Seminari ya Kigonsera, wala hakuwa padre. Alimaliza Makerere mwaka 1962, akapelekwa Dodoma kuwa ofisa utawala. Baadaye akaingia katika mambo ya nchi za nje. Na mwaka 1966 akapewa uhariri wa magazeti ya TANU, ingawa chuoni hakusomea uandishi wa habari. Urais aliupata mwaka 1995.

Twakiri kwamba siku zile wasomi walikuwa wachache, na kazi ndizo zilizowatafuta. Kwa hiyo hatumtaji ili tuwaambie vijana kwamba njia ni rahisi. Twamtaja kwa sababu ya kitabu chake cha kumbukumbu, ambacho jina lake lina maana ya “Maisha Yangu, Kusudi Langu.” Kilitolewa mwaka 2019, naye akafariki Julai 2020. Neno “kusudi” aliliandika juu ya maisha yake alipokwisha kuyaishi. Mlangoni mwa chuo hapana aliyemwonyesha njia yote. Alipewa kazi moja, akaifanya, akapewa nyingine.

Imani ndiyo hiyo hasa: kumtii Mungu katika hatua inayoonekana, na kumwachia zile zisizoonekana bado.

La kufanya

Kijana, chagua huduma moja, yenye siku yake na saa yake. Wako watoto wa sekondari wanaoshindwa hesabu. Wako wakulima wa chama cha msingi wanaohitaji mtu wa kuwasomea makato yaliyo katika stakabadhi zao. Uliza halmashauri habari za mikopo isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Sehemu ya vijana ni asilimia 4, na hutolewa kwa vikundi. Endelea kutuma maombi ya kazi. Na katika sala usimfiche Mungu uchungu wako. Zaburi zimejaa watu waliomlalamikia, wala hakuwafukuza.

Wazazi, acheni kumlinganisha na mtoto wa jirani.

Nasi wa parokia tusiwatumie vijana bure, tukaita bure hiyo sadaka yao. Anayefundisha watoto wetu jioni naye hula chakula. Mwenye shamba aliwalipa hata wale wa saa moja.

Maswali kwa jumuiya

1. Katika jumuiya yetu ni nani aliyemaliza chuo na bado hana kazi? Ni lini tulimtembelea mara ya mwisho, tena bila kumhoji?

2. Ni kazi gani ya kweli, yenye malipo ingawa madogo, tunayoweza kumpa kabla ya mwezi huu kwisha?

Mungu awabariki.