DINI YA MUMBO: KUINUKA NA KUPUNGUA KWAKE

Ndugu wasomaji, nanyi waalimu wa sharika za Sepuka, mwezi huu twataka kujifunza habari za dini moja ndogo ya kipagani iliyozuka kando ya Ziwa Nyanza, upande wa Kenya.

1. Mwanzo wake. Mwaka 1913 Onyango Dunde, mtu wa Alego, alisimulia ya kuwa nyoka mkubwa mno alitoka ziwani, akammeza, kisha akamtapika mzima. Huyo ndiye Mumbo, naye alimtuma kuwaambia watu waiache dini ya Kikristo, wavae ngozi, wasinyoe nywele wala wasioge, wamchinjie sadaka. Ndipo Wazungu watatoweka, na wafuasi watapata mali pasipo kulima.

2. Kuinuka. Neno hilo likafika upesi kwa Wakisii, ambao jeshi la Waingereza lilikuwa limewapiga mwaka 1905 na 1908. Kodi iliwalemea, nao walikuwa na majonzi. Hata Septemba 1914 Wajerumani wakaingia mji wa Kisii, na maofisa wa Kiingereza wakauacha. Watu wakasema, "Limetimia!" Wakateka mali mjini na katika nyumba za misheni.

3. Kupungua. Waingereza walirudi upesi, wakachoma nyumba, wakatwaa ng'ombe. Baadaye viongozi walihamishwa mbali. Walakini dini haikufa. Iliinuka tena katika miaka ya 1930, na mwaka 1954 serikali ikaipiga marufuku. Lakini twaona kwamba si amri tu iliyoipunguza. Mali ya ziwani haikuja, na vijana walipata njia nyingine: shule, na vyama vya kupeleka malalamiko yao, kama kile kilichoanza Nyanza mwaka 1921.

4. Mafundisho kwetu. Mkulima wa Sepuka ajua kwamba uwele haujipalilii. Na wahenga walisema, ngojangoja huumiza matumbo. Ahadi ya Mumbo ilikuwa ya bure, bali machozi ya waliomfuata yalikuwa ya kweli. Basi mwalimu akisikia habari ya nabii mpya kijijini, asianze kwa kucheka wala kukemea. Kwanza aulize: watu hawa wanaumwa na nini, na ni nani aliyewasikiliza?

Maswali ya kuzungumza:
(a) Kwa nini habari za Septemba 1914 ziliwatia watu imani?
(b) Adhabu ilizuia nini, na haikuweza kuponya nini?
(c) Ni shida gani kijijini kwetu ambayo bado haijasikilizwa?