Timazi, Mteremko na Breki

Simama juu ya kilima chochote cha Mutoyi, mkoani Gitega, umuulize mtoto chini ni wapi. Atanyoosha kidole kuelekea bondeni. Kama anatumwa maji, amejibu vizuri. Kama anajenga ukuta, amekosea.

Fundi mwashi haamini hata jicho lake mwenyewe. Hufunga kitu kizito kwenye uzi, akauacha utulie. Hiyo ndiyo timazi, na kule uzi unakoelekea ndiko chini hasa, yaani upande ambao ardhi inavuta kila kitu. Ukuta uliosimamishwa kwa kufuata mteremko badala ya timazi utainamia bondeni, hata kama machoni unapendeza.

Lakini timazi husema kweli pale tu inapotulia mahali pamoja au inapokwenda kwa mwendo usiobadilika. Panda taksi uitazame rozari inayoning'inia kwenye kioo: dereva akiongeza mwendo inarudi nyuma, akikanyaga breki inakuja mbele. Kubadilika huko kwa mwendo ndiko kunakoitwa mchapuko. Uzi wa sentimeta 20 ukisogea mbele au nyuma kiasi cha sentimeta 2, mwendo unabadilika kwa karibu mita 1 kwa sekunde, kila sekunde.

Sasa tuje kwa wabeba ndizi wa baiskeli, maana kwao hesabu hii si ya darasani. Pima mteremko hivi: chukua ubao wa mita moja, kichwa kimoja kiguse ardhi upande wa juu, kingine ukiinue mpaka chupa yenye maji nusu, uliyoilaza juu yake, ionyeshe maji yametulia sawasawa na ubao. Pima pengo lililobaki chini. Likiwa sentimeta 10, mteremko ni moja kwa kumi.

Kitu kinachoanguka wima huongeza mwendo kwa karibu mita 10 kwa sekunde, kila sekunde. Kwenye mteremko huo baiskeli hupata sehemu ya kumi ya hapo: mita 1. Ni kidogo, ndiyo maana inadanganya. Ukiiachia bila breki wala kukanyaga pedali, na tukiacha upepo na msuguano, baada ya sekunde 5 umeshuka mita 12 na nusu, unakwenda kilomita 18 kwa saa. Baada ya sekunde 10 uko mita 50 mbali, mwendo ni kilomita 36. Muda umezidi mara mbili, umbali mara nne. Mwanasayansi Galileo aliigundua kanuni hiyo kwa kuviringisha gololi kwenye ubao ulioinama, akaichapisha mwaka 1638. Ubao wake ulikuwa kilima kidogo tu.

Wengi hudhani mikungu mizito ndiyo inayokimbiza baiskeli. Sivyo: mvuto huongezeka pamoja na uzito, na uzito huohuo ndio mgumu kusukuma, kwa hiyo mchapuko unabaki karibu uleule. Kinachoelemewa ni breki. Uzito wote, yaani baiskeli, mwendeshaji na mzigo, ukiongezeka maradufu, breki zinahitaji nguvu maradufu ili usimame ndani ya umbali uleule.

Kumbuka pia kwamba kwenye mteremko huo, katika sekunde ya kwanza baiskeli husogea nusu mita tu. Jaribu breki hapo, mikungu ikiwa imeshafungwa. Zikiteleza, shuka uikokote baiskeli.