SOMO LA AFYA: MBWA AKIUMA, USINGOJE JUMATATU

Ndugu na dada katika vikundi vyetu vya kujisaidia, somo la safari hii ni kichaa cha mbwa. Tumeliandika tukifikiria Lucky Summer, lakini vikundi vya mashambani msifunge ukurasa. Ugonjwa huu uko pande zote mbili, na watoto wetu hupanda basi kwenda kwa nyanya zao kila likizo ya Aprili, Agosti na Desemba.

Tuchukue mfano. Ni Ijumaa jioni, mtoto wa miaka saba ametumwa unga dukani. Njiani kambwa kadogo, kasiko na mwenyewe, kanamrukia na kumwuma mguuni. Damu ni tone mbili tu. Mama anapaka mafuta ya taa, jirani analeta pilipili, nyanya anasema tungoje Jumatatu tuone kama kitavimba. Jumatatu kidonda kimekauka, mtoto anacheza, na pesa za hospitali zimeingia kwa kodi ya nyumba. Hapa hakuna mzazi mbaya. Lakini ikiwa kale kambwa kalikuwa na kichaa, mtoto huyu yuko njiani kufa na hakuna anayejua.

Kichaa hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia kwa kuumwa, kwa kukwaruzwa, au mnyama akilamba ngozi iliyochubuka, macho au mdomo. Kikishaingia, hutembea polepole ndani ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Mara nyingi safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja, au hata mwaka. Aliyeumwa usoni au kichwani ana muda mfupi zaidi, kwa sababu njia ni fupi. Ndiyo maana kidonda kupona si dalili ya usalama. Baadaye mahali palipoumwa panawasha au panakufa ganzi, mgonjwa ana homa, anahangaika, maji yakiletwa koo linakaza, hata upepo unamtisha. Wengine husema ni mapepo au amerogwa. Tumwombee, ndiyo, lakini dalili zikishaonekana hakuna dawa. Karibu wote hufa kwa siku chache. Kazi yote lazima ifanywe kabla ya hapo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa, wengi wao Afrika na Asia, na wanne kati ya kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Na msiseme huu ni ugonjwa wa porini: hapa Kenya, kichaa kilithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912 kwa mbwa kando ya Nairobi.

Sasa basi, mtu ameumwa. Jambo la kwanza ni sabuni na maji. Osha kidonda dakika 15 kwa maji yanayotiririka, si ya kukaa katika beseni. Ikiwa mfereji umekauka, kama tujuavyo mitaa yetu, tumia mtungi na kikombe, mtu mmoja amwage na mwingine aoshe. Sabuni ya kipande ya kufulia yatosha. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo tazama saa. Sabuni huua viini vya kichaa, na hata ungekuwa mbali na hospitali siku nzima, kuosha huku peke yake kunapunguza hatari sana. Ukiwa na spiriti au ayodini, paka baadaye. Pilipili, chumvi, mafuta ya taa, majani, jiwe jeusi la nyoka, yote hayo acha. Yanachoma kidonda na kupoteza wakati, na kibaya zaidi yanampa mzazi moyo wa kukaa nyumbani.

Halafu hospitali, siku hiyo hiyo. Si kila zahanati ina chanjo ya kichaa, basi kabla ya kupanda matatu uliza au piga simu, usije ukazunguka mji na mtoto mgonjwa. Mweleze daktari ni mnyama gani, wapi, na kama anajulikana. Kidonda kikubwa kisishonwe haraka haraka, na mgonjwa huhitaji pia kinga ya pepopunda. Pale meno yalipopenya ngozi, chanjo peke yake haitoshi. Kuna dawa nyingine ya kinga inayodungwa ndani na kando ya kidonda siku ya kwanza, kwa hiyo iulizie.

Wazee wengi bado wanaogopa zile sindano nyingi za tumboni. Hizo zilipitwa na wakati. Siku hizi mtu mzima hudungwa mkononi, karibu na bega, na mtoto mdogo pajani. Utaratibu uliozoeleka ni siku ya kwanza, kisha baada ya siku 3, 7, 14 na 28. Hospitali nyingine hufuata utaratibu mfupi, basi fuata kadi yako. Mama mjamzito na mtoto mchanga pia huchanjwa. Na ikiwa uliumwa wiki mbili zilizopita ukanyamaza, usikae kwa aibu, nenda leo.

Shida kubwa ni kuacha katikati. Sindano mbili zimechomwa, mtoto ana nguvu, nauli imekosekana, mama mboga hawezi kufunga kibanda siku nzima. Hapa ndipo kikundi kina kazi. Chama kinachochanga pesa za mazishi kinaweza kutenga kidogo kwa ajili ya nauli na chanjo, mwanachama akope papo hapo bila kungoja mkutano. Mwandishi wa kikundi anakili tarehe za kadi na mmoja anapewa kazi ya kubisha hodi siku ikifika. Kwa maoni yetu fedha hizo zina faida kuliko za sanduku la maiti, ingawa tunajua maneno haya yatawaudhi wengine.

Na mbwa je? Watu wakikasirika humponda kichwa kwa mawe. Huo ndio mahali pabaya kabisa pa kumpiga, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa katika maabara ya mifugo pale Kabete. Kama mbwa ana mwenyewe na anaweza kufungiwa salama, afungwe siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na kichaa katika mate alipouma, na daktari anaweza kusimamisha sindano. Lakini mtoto asingoje siku 10 ndipo aanze! Mbwa akifa, ita ofisi ya mifugo. Msimguse kwa mikono mitupu wala kumkata wenyewe.

Mbwa mwenye kichaa si lazima akimbie akiuma kila kitu. Mwingine hunyamaza, hujificha, taya linalegea na mate yanatoka, mpaka mwenyewe anadhani amekwamwa na mfupa na kuingiza mkono mdomoni. Vivyo hivyo kwa ng'ombe, mbuzi na punda kule nyumbani: anayetoka mate na kubadilika tabia asitiwe mkono mdomoni, asichinjwe, na maziwa yake yasinywewe.

Lucky Summer iko jirani na Korogocho, na ng'ambo ya mto ni jaa la taka la Dandora. Penye mabaki ya nyama na matumbo ya kuku pana mbwa. Kuwaua kwa sumu hakujamaliza kichaa popote, kwani wengine huhamia pale pale. Kinachosaidia ni kuchanja angalau mbwa saba katika kila kumi, na kurudia kila mwaka. Kisiwani Pemba walichanja hivyo, kichaa kikatoweka. Mwaka 2016 kilirudi, wakachanja tena, kikaondoka. Mpango wa serikali yetu wa mwaka 2014 ulichagua kuanzia Machakos, Kitui, Makueni, Siaya na Kisumu, mahali ambapo wengi wetu tuna nyumba.

Kwa mafundisho ya Biblia someni Kutoka 21:28-29, habari za ng'ombe mwenye kupiga kwa pembe, na mwenyewe aliyekwisha kuonywa asimfunge.

Maswali ya kikundi: Katika ploti zenu mna mbwa wangapi, na wangapi wana cheti cha chanjo? Hospitali gani ya karibu ina chanjo ya watu wiki hii, na nani ataenda kuuliza? Mtoto akiumwa usiku, nani ana gari au pikipiki, na ufunguo wa sanduku la pesa uko kwa nani?