Matumaini kwa Wazazi Wanaolia

Nzuguni ndiko iliko stendi kuu ya mabasi ya Dodoma. Wapo wazazi huko wanaolijua basi lililomchukua mwana wao, lakini hawajui limemshusha wapi. Wengine mwana yu nyumbani, ila ameiacha dini na pombe imemtawala. Hao twapenda kuwakumbusha habari za Mt. Monika, mama Mwafrika wa Tagaste, katika Algeria ya leo.

Augustino alipowafuata wafuasi wa Mani, mama alimkatalia hata meza yake. Baadaye alimrudisha mezani, bila kuukubali uzushi ule hata kidogo. Wengi wetu hukosea hapo: twadhani kumfungulia mtoto mlango ni kulibariki kosa lake.

Mwaka 383 kijana alimdanganya mamaye, akapanda merikebu usiku kwenda Roma. Monika akabaki pwani akilia. Kisha akamfuata mpaka Milano. Huko, katika kesha la Pasaka ya mwaka 387, Askofu Ambrosi alimbatiza Augustino.

Usiku ule wa pwani mama alikuwa amemwomba Mungu mwanawe asisafiri. Alisafiri, na safari ile ndiyo iliyomfikisha kwa Ambrosi.