Injini Mpya katika Gari Kuukuu: Somo la Viungo kwa Mwanaistilahi wa Kiswahili

1. Utangulizi

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutumiwa aghalabu kuhusu watu, lakini inaafiki pia kazi inayofanywa katika gereji nyingi za Afrika Mashariki, yaani kuliondoa gari kuukuu injini na giaboksi yake ya asili na kulitia za kisasa. Injini ngeni huletwa ili mwenyeji, gari, apate nafuu. Swali ni je, mwenyeji hupona kwa sababu mgeni amefika tu, au kwa sababu mgeni amepokelewa ipasavyo?

Makala hii inalichunguza swali hilo kwa kuchukua mfano wa Land Rover kuukuu katika mazingira ya Bisil, mji wa soko la mifugo ulio kusini mwa mji wa Kajiado, kwenye barabara iendayo Namanga. Hoja ya makala ni kuwa ugumu wa kazi hii hauko kwenye injini yenyewe, bali kwenye viungo: pale injini inapokutana na giaboksi, giaboksi na ekseli, mwendo na breki. Aidha, inadaiwa kwamba jambo hilohilo hutokea katika lugha ya kazi hiyo. Majina ya vipuri yameingia katika Kiswahili bila taabu. Maneno ya kueleza uhusiano wa vipuri hivyo ndiyo yanayohitaji uangalifu, na kosa katika maneno hayo laweza kumgharimu mtu maisha.

2. Gari na sababu za kulifufua

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Toleo la pili lilitoka mwaka 1958, na la tatu likatengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Nchini Kenya, magari haya yaliunganishwa katika kiwanda cha Leyland mjini Thika, ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Katika nchi kame kama Kajiado, ambako barabara nyingi za kuendea maboma na visima hazina lami, gari la aina hii halijawa kitu cha makumbusho. Chesisi yake ni nene, bodi yake ya alumini haili kutu kama bati la chuma, na muundo wake unaeleweka kwa jicho.

Kinachochoka kwanza ni injini. Ile ya petroli ya lita 2.25, iliyoanza kutumiwa mwaka 1958, hutoa takriban nguvu za farasi 70, na hunywa mafuta kwa kiasi kinachomlemea mfugaji anayebeba maji au mbuzi wachache kwenda sokoni. Mbadala unaofahamika ni injini ya dizeli ya lita 2.5 iitwayo 200Tdi, iliyotokea mwaka 1989 na yenye nguvu za farasi zipatazo 110. Mafundi wengine huchagua dizeli za Kijapani, kama vile TD27 ya Nissan au 3L ya Toyota, zinazopatikana kama mitumba. Injini hizi si mpya kwa kalenda ya leo, lakini zina sifa moja muhimu: pampu yake ya dizeli huendeshwa kimakanika. Injini ya Td5, iliyokuja mwaka 1998, hutawaliwa na kompyuta, na fundi asiye na kifaa cha kuisoma kompyuta hiyo hawezi kuitibu vizuri.

3. Viungo vya kazi

Kiungo cha kwanza ni kati ya injini na giaboksi. 200Tdi imependwa sana kwa sababu mpangilio wa matundu ya bolti zake unalingana na ule wa injini ya zamani, hivyo yaweza kufungwa kwenye giaboksi ya asili. Injini ya Kijapani hailingani. Huhitaji bamba la chuma linalochongwa ili kuziunganisha pande mbili. Bamba hilo lazima liweke shafti ya giaboksi katikati kabisa ya flaiwili, yaani gurudumu zito lililo nyuma ya injini. Likienda upande hata kwa sehemu ya milimita, klachi itatetemeka na beringi zitakufa mapema.

Kiungo cha pili ni kati ya giaboksi na magurudumu. Hapa ndipo wengi hukosea wanapotaka kuingiza giaboksi ya kisasa pia. Giaboksi ya Land Rover imeshikamana na boksi ya pili inayogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma. Giaboksi iliyotoka kwenye gari dogo la abiria haina boksi hiyo. Ikifungwa peke yake, gari hubaki likivuta kwa magurudumu mawili tu, na tope la msimu wa mvua halitalisamehe. Hata inapotumika giaboksi ifaayo, kama R380 yenye gia tano iliyotoka mwaka 1994, urefu hubadilika. Propela hulazimika kukatwa, kuchomelewa upya na kusawazishwa, na vishikilio vya injini na giaboksi kuhamishwa kwenye chesisi.

Kiungo cha tatu ni uwiano wa mizunguko. Ichukuliwe kwamba tairi lina mzingo wa mita 2.4. Gari linapokwenda kilomita 80 kwa saa, gurudumu huzunguka takriban mara 556 kwa dakika. Ekseli za asili zina uwiano wa 4.7, na boksi ya kugawa nguvu 1.148. Kwa hiyo, katika gia ya nne, injini huzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Ekseli zenye uwiano wa 3.54, zilizotumiwa katika Range Rover, zikiwekwa badala yake, idadi hiyo hushuka hadi karibu 2,260. Hesabu hii ndiyo inayoonyesha kwa nini mtu aweza kutia injini yenye nguvu maradufu na bado gari likapiga kelele bila kusonga. Pia nguvu ya kuzungusha ya 200Tdi ni zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya petroli, ilhali giaboksi na shafti za ekseli hazikuundwa kwa mzigo huo. Dereva asiyeachia klachi kwa upole atazikata.

Kiungo cha nne, na kilicho kizito kuliko vyote, ni kati ya mwendo na kusimama. Land Rover za matoleo haya zina breki za dramu magurudumu yote manne. Nishati ya gari huongezeka kwa mraba wa mwendo: likitoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza hufikia karibu mara mbili. Juu ya hayo, injini ya dizeli haivuti hewa kama ya petroli; gari lenye kisaidizi cha breki kinachotegemea mvuto huo litahitaji pampu maalumu, la sivyo kanyagio litakuwa gumu kama jiwe. Fundi anayemaliza injini na kuahirisha breki hajamaliza kazi.

Mengine ni ya kupitiwa kwa ufupi. Redieta iendane na joto la injini mpya. Waya za magari yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zichunguzwe, kwa kuwa mengi yalifunga upande chanya wa betri kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Mwisho, nambari ya injini ikibadilika, kumbukumbu za usajili nazo zibadilike. Nchini Kenya mwenye gari huijulisha Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na gari hukaguliwa.

4. Nomino za mkopo, vitenzi vya nyumbani

Msomaji atakuwa ameona kwamba karibu kila kipuri kilichotajwa kina jina la mkopo: injini, giaboksi, klachi, beringi, propela, redieta, breki. Jambo hili si aibu wala si geni. Gari lenyewe ni neno lililotoka Bara Hindi, na parafujo limetoka kwa Wareno. Usukani, neno la asili ya Kiarabu, lilikuwa la chombo cha bahari kabla halijakabidhiwa dereva wa nchi kavu.

Zitazamwe sasa sentensi hizi, zilizotungwa kwa kufuata msemo wa gereji: "Shikiza injini kwa jeki kabla ya kulegeza nati." "Zikaze kwa zamu, usizikazie upande mmoja." "Injini imekaa, lakini haijalala sawa." "Inakula oili." Nomino ni za wageni, lakini vitenzi ni vya wenyeji. Shika limezaa shikiza. Kaza limezaa kazia. Na viambishi vya unyambuaji vinabeba maarifa yenyewe ya ufundi: nani anamsaidia nani, nguvu inaelekea wapi. Kwa kijana wa Bisil ambaye lugha yake ya kwanza ni Kimaa, naye fundi wake ni Mkamba au Mkikuyu, Kiswahili ndicho kiungo chao. Jina la kipuri atalijua kwa kuonyeshwa kidole. Sababu ya kipuri kukaa kilipo hawezi kuonyeshwa kwa kidole, lazima aambiwe.

5. Pale neno linapolegea

Hata hivyo, vitenzi hivi vina udhaifu unaopaswa kukiriwa. Mifano mitatu itatosha.

(a) Kubadilisha injini. Tamko hili hutumika injini iliyokufa inapoondolewa na kuwekwa ya aina ileile, na pia inapowekwa ya aina nyingine kabisa. Kazi ya kwanza ni ya bolti na nati. Ya pili inagusa viungo vyote vinne. Mwenye gari aliyepatana bei ya kazi ya kwanza huweza kupata nusu ya ile ya pili. Makala inapendekeza kupandikiza, kitenzi ambacho wakulima hukitumia kwa miche na waganga kwa figo, kwa maana ileile ya kiungo kigeni kuingizwa katika mwili usiokizoea.

(b) Kusawazisha. Neno hili hubeba maana ya kulinganisha uzito wa propela na pia ya kuweka shafti mbili kwenye mhimili mmoja. Ni kazi mbili tofauti. Katika suala la magurudumu, mikopo balansi na alaimenti huzitenganisha vizuri kuliko kitenzi hicho. Kwa hiyo si kila mkopo ni wa kupigwa vita.

(c) Kufunga breki. Dereva hufunga breki anapokanyaga. Fundi hufunga breki anapozipachika. Mwanagenzi akiulizwa, "Breki zimefungwa?" naye akajibu, "Zimefungwa," amesema kweli, na bado hakuna aliyejua kama zinashika. Katika barabara inayopitisha malori ya mpakani usiku na mchana, utata huo si wa darasani. Inafaa kupachika litumiwe kwa kazi ya fundi, kufunga liachiwe dereva, na swali la mwisho liwe: "Zinashika?"

6. Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba injini mpya katika gari kuukuu hufaulu au hushindwa kwenye viungo, na kwamba lugha ya kazi hiyo nayo ni hivyo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Hata hivyo, mafunzo ya vyuo vya ufundi nchini humo bado hutolewa zaidi kwa Kiingereza, huku gereji ikifundisha kwa Kiswahili bila kitabu. Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi ya kuziba pengo hilo, si kwa kubuni majina mapya ya vipuri ambayo hakuna atakayeyatumia, bali kwa kwenda gereji, kusikiliza vitenzi, kuvinakili pamoja na mazingira yake na kuvipambanua maana. Mgeni amekwisha kufika. Mwenyeji atapona iwapo wanaompokea wataelewana.